Siku Togwa Yangu Ilipolipuka Mkutanoni, Penye Kisima cha Gesi

Ndugu wasomaji, kabla ya yote naomba radhi kwa mwandiko. Herufi zangu zinalala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na tahajia ndiyo msiseme, maana nilisoma hadi darasa la saba nikaishia hapo, na kuandika kwangu ni kwa polepole, nikianza sentensi na kikombe cha chai, nikiimaliza chai imeshapoa. Mkikuta neno limekosea, lisomeni kama mnavyolijua ninyi.

Sasa niseme aibu yenyewe mapema, ili isinisumbue njiani. Mimi ndiye yule msichana wa togwa. Huku kwetu, kwenye miteremko ya Uluguru, mtu akikuudhi kwa kukubana maneno unamwambia, "Usinifunge kama togwa ya Skola," na watu wote wanacheka, hata watoto ambao siku ile hawakuwepo. Basi Skola ni mimi. Jina kamili ni Skolastika, lakini hilo analitumia padri tu.

Ili mnielewe, lazima kwanza mjue nilivyokuwa na haya. Simaanishi haya ya kawaida ya msichana mbele ya wageni. Mimi nilikuwa naamkia watu "shikamoo" nikiwa nyuma ya mlango. Siku moja kanisani nilipewa somo fupi la kusoma, nikapanda mpaka pale mbele, nikalitazama, nikashuka, na somo likasomwa na mtu mwingine. Mama Mkubwa (dada mkubwa wa marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea) alikuwa akisema, "Huyu mtoto ulimi wake uko kwenye mikono." Hapo alikuwa ananisifu, maana kwa kazi za mikono sikuwa nyuma.

Na mikono hiyo ndiyo iliyonipatia kazi.

Chini kidogo ya shamba letu la kabichi kuna kisima kirefu kilichochimbwa na watu waliokuwa wakitafuta maji. Maji waliyapata, lakini yalikuwa na chumvi, yanatoa mapovu kama soda na yananuka kama yai viza, hata mbuzi aliyanusa akageuza shingo. Wakakifunika na mfuniko wa chuma, wakaondoka. Kikakaa hivyo, watoto wanakaa juu yake kuchunga, mpaka alipofika Dokta Tumaini, mwalimu wa chuo, mama mmoja mfupi mwenye viatu vya mpira na kicheko kikubwa, pamoja na fundi wake Hamisi, kijana wa mjini ambaye anaendesha gari, anatengeneza mashine na anaongea kwa niaba ya watu wote. Walikuwa wamepanga nyumba Kihonda, kule mjini, ndiyo maabara yao. Walifungua kile kisima, wakanusa lile yai viza, wakafurahi kama watu walioona dhahabu.

"Haya maji yana wakazi," Dokta alituambia. "Huko chini kabisa, ndani ya mwamba, kusiko na jua wala hewa ya kupumua, kuna vijidudu vidogo kuliko macho yanavyoweza kuona. Vinaishi kwa kula vitu vya kwenye mawe. Hiyo harufu ni yao."

Mama Mkubwa akauliza, "Na wanakunya huko huko?"

"Huko huko, mama."

"Basi ni watu kama sisi," akasema Mama Mkubwa, na kuanzia hapo wakawa marafiki.

Walitaka mtu wa kuteka maji yale kila wiki na kuyaweka kwenye chupa, na Mama Mkubwa akanisukuma mgongoni mpaka nikajikuta mbele. Kazi yenyewe si kama kuteka maji ya kunywa. Sisi tumezoea kuacha nafasi ndoo isimwagike, lakini chupa hizi unazijaza mpaka zinafurika, zinaendelea kufurika, ndipo unabana mfuniko wa mpira kwa waya bila kuacha hata povu moja la hewa, kwa sababu hewa hii tunayoivuta sisi kwa wale wa chini ni sumu. Mwanga nao hawautaki. Karatasi za kung'aa za kufunikia chupa zilipomwishia Dokta, mimi niliomba kaniki kuukuu ya Mama Mkubwa nikaishona vifuko, kila chupa na gauni lake jeusi, na Dokta aliviona akaviinua juu akasema tangu siku hiyo hataki karatasi tena. (Nilifurahi mpaka nikashindwa kula. Hilo la kutokula sikumwambia mtu, ndiyo kwanza nawaambia ninyi.)

Basi niliwapenda wale vijidudu. Mtu anaweza kucheka, lakini ukishakuwa mlinzi wa kitu hata kama hukioni unakipenda. Nilikuwa nikibana mfuniko nasema kimoyomoyo, "Haya, laleni."

Sasa tufike kwenye mkutano. Dokta alitaka kufanya jaribio. Alikuwa na mitungi midogo ya gesi ya ukaa, ile ile iliyomo kwenye soda, ile inayotoka puani kwetu na kwenye moshi wa viwanda. Alisema duniani gesi hiyo imezidi huku juu, na kuna nchi ambako wanairudisha chini ya ardhi na kuifungia kwenye mwamba, ila jambo moja halijulikani vizuri, nalo ni kwamba wale wakazi wa chini wataifanyia nini. Wengine huenda wakaila. Wengine huenda wakasaidia kuigeuza jiwe jeupe kama chokaa. Wengine huenda wakaigeuza gesi nyingine kabisa, ile inayowaka moto. Wengine wakatoa ute ukaziba vitundu vya mwamba, na wengine wakafa tu kwa ukali wake. Kisima chetu, chenye mapovu yake ya asili, kilikuwa mahali pazuri pa kuwauliza.

Lakini ardhi ile ni ya ukoo wetu, na kwetu Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, na mkuu wa ukoo, mndewa, ni Mjomba Mkude. Na Mjomba hakutaka.

"Dokta," alimwambia, "mgeni akikuletea mzigo anasema niwekee chumbani kwako, unauliza kwanza kama mzigo una roho. Ninyi mnataka kuniwekea moshi chini ya kitanda, halafu mnaniambia hamjui wale wa chini wataufanyia nini."

"Ndiyo maana tunataka kujua, mzee."

"Mjue kwenu."

Mwisho wakakubaliana uitishwe mkutano pale pale kisimani, aje na afisa kutoka wilayani, watu waulize, kisha ukoo uamue. Ukoo ukikataa, kisima kinafungwa, Dokta anahama na chupa zake, na mimi narudi kwenye kabichi. Sikatai, kabichi ni kitu kizuri. Lakini wale wa chini wangebaki na nani?

Dokta akaniomba. "Skola, simama siku ile useme maneno machache tu. Waeleze unavyoteka maji. Wakikusikia wewe wa kwao, watatulia."

Nikamwambia afadhali anishushe kisimani. Hakunilazimisha.

Nikaona basi nisaidie kwa mikono. Kwetu mgeni hazungumzishwi akiwa na koo kavu, na Mama Mkubwa akaniachia mimi togwa. Togwa yetu inajulikana. Nilipika uji wa mahindi laini, nikauacha upoe, nikatia kimea cha ulezi nilichokiotesha na kukisaga mwenyewe, na tangawizi kidogo, ambayo ndiyo siri ya nyumba yetu (sasa si siri tena). Kila mtu anajua togwa inafunikwa na kanga au jani la mgomba, haibanwi, kwa sababu inafura, inapumua. Hata mimi nilijua. Nilijua tangu nikiwa na miaka ya kuchezea majivu jikoni.

Ila ndoo tuliyokuwa nayo ilikuwa ile ya rangi ya nyumba, imeandikwa maandishi ubavuni na ina doa la bluu lisilotoka. Nikamwaza yule afisa wa wilayani anachotewa togwa kwenye ndoo ya rangi. Nikamwaza Dokta anaona. Halafu nikazitazama zile chupa za maabara, safi, nene, zinang'aa, zile za akiba ambazo Dokta aliniruhusu kuzitumia nyumbani, na uamuzi wangu mdogo ukafanyika hapo. Nikaichuja togwa laini kabisa, nikaijaza kwenye chupa, nikabana waya kwa ustadi wangu wote, bila kuacha hata povu, kisha nikazivika magauni ya kaniki yaliyolowa maji ili zikae baridi. Nikasimama pembeni kuzitazama. Kwa kweli zilipendeza.

Kama mgeni angekuja siku hiyo, pengine leo nisingekuwa na la kuwaandikia. Lakini mchana ikaja habari kwamba gari la afisa limepata shughuli nyingine, atakuja kesho. Mimi nikaacha chupa zangu kwenye stoo ya bati, jua likawaka juu ya bati mpaka magauni yakakauka, na wala sikurudi kuzitazama, kwa sababu nilikuwa nafua nguo za kuvaa kesho. Asubuhi nilipoingia nikasikia kitu kinasema "tsss". Nikadhani mjusi.

Hamisi alikuja na deli moja tu lenye barafu, la pili limepasuka. Basi tukapanga vitu vyote humo, maji ya kisima upande wa kulia, togwa upande wa kushoto, katikati kipande cha boksi. Nikamwambia Mama Mkubwa, "Wakati wa kukaribisha, chukua za kushoto." Nikamwambia na Dokta, "Ya kuonyesha watu, ya kulia." (Ilikuwepo chupa moja ya kuonyesha, nyingine zilikuwa za kwenda maabara siku hiyo hiyo.) Niliona nimepanga vizuri kuliko mkuu wa stesheni.

Watu walikuja wengi. Turubai lilifungwa kamba kwenye miti minne, viti vya parokia vikapangwa, Mjomba Mkude kavaa koti lake la sherehe na kofia, amekaa mbele, fimbo katikati ya magoti. Afisa akashuka garini na suti ya rangi ya maziwa, mtu mpole, anapeana mkono na kila mtu. Hamisi akaleta deli kichwani, akalitua mezani, akalizungusha kidogo ili mpini usimguse mgeni.

Akalizungusha.

Nililiona. Nilikuwa nimesimama karibu na wanawake wa vikombe, nikaona kulia kumekuwa kushoto na kushoto kumekuwa kulia, nikajua kabisa. Kilichotakiwa ni neno moja: "Dokta!" Nikafungua mdomo, nikaona vichwa vyote vile, nikaufunga. Nikajiambia atahisi uzito. Nikajiambia ataona rangi. Na magauni yangu meusi yalikuwa marefu mpaka shingoni, hakuna aliyeona kitu.

"Ndugu zangu," Dokta akasema, ameinua chupa, "hapa nina wakazi wa chini ya miguu yetu. Ni viumbe watulivu kabisa. Wanakwenda polepole, hawana haraka, hawana vurugu. Mheshimiwa, karibu sogea, unuse harufu yao."

Mheshimiwa akasogea, mikono nyuma, akainama kwa adabu, pua ikafika karibu ya mfuniko.

Dokta akafyatua waya.

Sijui nieleze vipi. Mmewahi kuona bomba la maji limepasuka barabarani? Ilipiga "paaa!", na kitu cheupe kikaruka kikampata afisa usoni, kikapanda mpaka kwenye turubai, kikarudi chini kama mvua juu ya watu wa mbele. Suti ya maziwa ikapata maziwa yake. Dokta kabaki ameshika chupa inayoendelea kumwaga povu mkononi kama mwizi aliyekamatwa.

"Macho yangu! Maji! Maji!" afisa akapiga kelele.

Hamisi, kijana mwenye moyo mwema, akachomoa chupa nyingine upande ule ule. "Haya hapa, mheshimiwa, maji ni maji, fumba macho!" Akaielekeza vizuri. Akafyatua.

Ya pili ilikuwa kali kuliko ya kwanza.

Hapo mtu mmoja wa nyuma akalia, "Gesi! Gesi imetoka!" na mkutano ukaondoka. Watu waliruka viti, wengine wakapita katikati ya kabichi zetu, mmoja akajikwaa kwenye kamba ya turubai na turubai lote likashuka taratibu likawafunika waliobaki, unaona tu vichwa vinatembea ndani. Na katikati ya balaa hilo, kutoka kwenye meza ya vikombe, nikasikia sauti ya Mama Mkubwa, maana yeye, wakati Dokta anahutubia, alichukua za kushoto kama nilivyomwagiza, akafungua, akamimina, akaonja:

"We Skola! Togwa gani hii inanuka yai viza!"

Nilitamani ardhi ipasuke, wale wa chini wanipokee.

Turubai lilipoinuliwa, mtu mmoja tu hakuwa amesogea, Mjomba Mkude. Amekaa vile vile, fimbo katikati ya magoti, kofia imelowa, povu linatiririka kwenye masharubu. Watu wanamtazama kwa mbali, wanangoja kuona kama ataanguka. Yeye akatoa ulimi, akalamba sharubu la kulia. Akalamba la kushoto.

"Hii togwa," akasema. "Ina tangawizi. Hii ni ya nyumbani kwetu."

Vichwa vyote vikanigeukia. Sikuwa na mlango wa kujificha nyuma yake.

Kama yangeishia kwenye kicheko, ningeweza kuvumilia. Walicheka, ndiyo, hata afisa alicheka huku Hamisi anampangusa na taulo ("Mheshimiwa, samahani, leo nimekukosea kinoma," anasema), akasema hajawahi kukaribishwa kwa nguvu namna ile. Lakini Mjomba hakucheka. Alingoja watu wakae, kisha akainyanyua ile chupa tupu.

"Dokta, nisaidie. Humu ndani mlikuwa na nini? Uji. Uji na vijidudu vya kimea na gesi. Mkafunga, mkaacha. Umeona kilichotokea. Sasa wewe unaniambia niweke vijidudu na gesi chini ya mlima, halafu nifunge na mfuniko wa chuma. Hii ni chupa, imemlowesha mheshimiwa. Mlima ukifanya hivyo, unamlowesha nani?"

Nikawaona watu wanatikisa vichwa kumuunga mkono. Dokta akajibu, na alijibu kweli, kwamba wale wa kimea wamelishwa sukari ndiyo maana wanatengeneza gesi kwa fujo, na wa mwambani hawana sukari, wao tunatarajia waipunguze gesi na si kuiongeza, na kiasi chenyewe ni kidogo, lakini nikaona maneno yanafika kwa watu yanaanguka chini. Walikuwa wameona chupa kwa macho yao, na chupa niliifunga mimi. Nikaelewa kwamba kisima kinafungwa leo, sasa hivi, kwa ajili ya ndoo moja ya rangi niliyoionea aibu.

Sijui miguu ilitoka wapi. Nilijikuta mezani.

"Shikamoo Mjomba," nikasema. Sauti ilitoka kama ya kifaranga.

"Marahaba. Sema kwa sauti, wa nyuma nao wamelowa."

"Mjomba, togwa haikulipuka kwa sababu ina vijidudu. Togwa ya bibi ilikuwa na vijidudu, na hailipuki. Imelipuka kwa sababu nilifunga, halafu sikurudi kuitazama. Asubuhi ilisema tsss nikadhani mjusi." (Watu wakaanza kucheka, nikaendelea tu, maana niliona nikinyamaza sitaanza tena.) "Kisima hiki kina mapovu tangu hamjanizaa. Hao wa chini wanakaa na gesi siku zote. Mimi nawateka kila wiki, sijawahi kuwaona wana haraka. Lakini Mjomba umesema kweli, hatujui watafanya nini. Wanaweza kuila, wanaweza kuigeuza. Basi kisifungwe kama nilivyofunga mimi. Kiwekewe geji ya kupimia msukumo wa gesi, na mlango wa kupumulia, na mtu wa kukitazama kila siku. Mtu wa hapa. Ikisema tsss, afungue, na aje akwambie."

Nilikuwa sijawahi kusema maneno mengi namna ile kwa mkupuo. Nilikuwa nimeshika chupa kifuani kama mtoto.

Mjomba alimtazama Dokta. "Mfuniko wa kupumulia upo?"

"Upo, mzee. Valvu tunayo, na geji tunayo. Ila la mtu wa ukoo kukaa nayo kila siku, hilo sikulifikiria. Ni zuri, na ninalikubali mbele ya watu wote."

"Na kama mtu wetu akisema simamisheni?"

"Tunasimamisha."

Mjomba akageukia wazee wengine, wakaongea Kiluguru chini chini kwa muda mrefu. Kisha akasimama, akapangusa kofia yake.

"Haya. Wakae na kisima kwa kiasi kile kidogo walichosema, zaidi ya hapo waje tena hapa. Na wa kukitazama atakuwa huyu Skola. Mtu aliyekwisha kulipua mara moja mbele ya ukoo hawezi kulipua tena."

Mama Mkubwa akapiga kigelegele. Kilikuwa kirefu, cha harusi kabisa. Afisa akaomba kama kuna togwa iliyobaki apate kikombe, kwa sababu ile aliyoilamba ilikuwa tamu, na chupa zilizobaki Hamisi alizifungulia mbali, chini ya migomba, ameziba uso na mfuniko wa sufuria.

Lakini furaha yangu ilikuwa na shimo. Watu walipoondoka niliziona zile chupa za maji ya kisima ambazo Mama Mkubwa alizifungua, zimekaa wazi mezani juani. Hewa ilikuwa imeshaingia. Nikamuuliza Dokta kama wamekufa. Akasema wengi, ndiyo, wametekwa toka kwenye giza lisilojulikana umri wake wakaja kufia kwenye vikombe vya chai. Kisha akaona uso wangu, akasema wapo wengine kule chini, nikateke tena kesho. Niliyarudisha yale maji kisimani mwenyewe kikombe kwa kikombe, kwa haya niliyokuwa nayo mbele yao.

Sasa ndiye mimi hapa. Kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye kabichi napita kusoma geji. Gesi ilipotiwa, mshale ulisimama juu, kisha ukaanza kushuka taratibu, na siku niliyoliona hilo nilikimbia kilima chote mpaka kwa Mjomba nikampigia hodi kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde: "Wanakula! Mjomba, wanakula!" Dokta aliponisikia kwenye simu alicheka, akanituliza, akasema tusiwasifu mapema, huenda gesi inayeyuka tu kwenye maji, mpaka maabara ipime. Nimekubali kungoja. Mjomba hakubali. Yeye anawaambia wapita njia kwamba vijidudu vya ukoo wetu vina adabu, ukivipa chakula vinakula vinanyamaza, si kama vya kimea.

Na juzi padri alinipa somo tena. Nililisoma lote. Nilisoma polepole, nikakosea jina moja la mji, lakini nililisoma mpaka mwisho, na nilipokuwa nashuka nikasikia mtu nyuma ananong'ona, "Huyo ndiye wa togwa," nikainua kichwa, kwa sababu ni kweli.

Kiapo changu ni hiki: togwa sitaifunga tena maishani, nitaifunika na kanga, hata aje mgeni mkubwa namna gani, na ndoo yangu ya rangi nimeshaiosha, inatumika, doa lake la bluu lipo. Na nikiona deli limezungushwa, napiga kelele hapo hapo, kabla vichwa havijageuka.

Ninyi mliosoma mpaka hapa, niandikieni. Kama kwenu kuna chemchemi yenye mapovu, au kisima kinachonuka ambacho watu wamekiacha, niambieni kinanukaje na mbuzi wanasemaje juu yake, nami nitamsomea Dokta na nitamsomea Mjomba. Msiogope mwandiko wenu. Wangu mmeshauona. Nitawajibu kila mmoja, ila mnivumilie, chai yangu itapoa mara nyingi.